Transmita ya maiki: ipime dhidi ya waya, kwenye kimya cha Berega

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia umbali kwanza. Mita 200, mita 250, wengine huvuka hapo. Ukimwuliza habari ya sauti, atakusogezea maiki mdomoni useme "haloo, moja mbili", kisha akuvishe hedifoni. Utaisikia nzuri, tena nzuri kwelikweli, kwa sababu katikati ya honi na makelele ya Mtaa wa Msimbazi kila maiki iliyo karibu na mdomo ni nzuri.

Shida huanza ukishafika kijijini. Bibi anasimulia kwa sauti ya chini, jirani hakuna gari, na kila anaponyamaza unasikia mvumo mwembamba ukimfuata kama mkia. Mvumo huo ulikuwepo hata dukani, ila kelele za mjini ziliuficha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayerekodi nje ya studio: mtangazaji wa redio ya jamii, mtafiti wa lugha, kijana wa video za harusi aliyepewa kazi ya filamu fupi ya hospitali. Utakufundisha kulinganisha transmita mbili au tatu, ziwe za kununua, kukodi au kuazima, mpaka ujue ipi inaharibu sauti kidogo zaidi. Mfano wetu ni Berega, wilayani Kilosa, kijiji cha Wakaguru chenye hospitali ya Kanisa Anglikana la Dayosisi ya Morogoro. Kutoka Morogoro unashika barabara ya Dodoma, unapita Dumila, kisha unaiacha lami.

Kwa nini Berega, na kwa nini Berega peke yake haitoshi

Sauti ya transmita ina maadui wawili. Wa kwanza yumo ndani ya kifaa: kelele ya saketi na namna kinavyobana sauti. Wa pili yuko hewani: mawimbi ya watu wengine.

Berega alfajiri, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, inamwanika adui wa kwanza. Kukiwa kimya hivyo, kasoro ndogo ya kifaa inasikika wazi. Lakini hewa ya Berega haijasongwa na mawimbi ya redio: Wi-Fi ni chache, hakuna studio jirani wala ukumbi wenye maiki kumi. Kwa hiyo transmita dhaifu ya masafa itapita mtihani bila jasho, kisha ikuaibishe kwenye harusi ya Morogoro mjini. Pima sauti Berega, au kijiji chochote tulivu kilicho karibu nawe. Uimara wa masafa kaupimie Msamvu stendi, saa ya mabasi.

Aina tatu utakazokutana nazo

*Analojia.* Hizi ni kama Sennheiser EW 100 za vizazi vya G3 na G4. Mawimbi ya FM hayawezi kubeba tofauti yote iliyopo kati ya mnong'ono na kelele kubwa. Ndiyo maana transmita huibana tofauti hiyo nusu kwa nusu, na risiva huipanua tena: desibeli 100 huwa 50 njiani, kisha hurudi 100. Mafundi wanauita mfumo huu kompanda. Ukifanya kazi vizuri huujui kama upo. Ukikosea, kelele ya nyuma inapanda na kushuka pamoja na maneno, kana kwamba sauti inapumua.

*Mseto.* Sony UWP-D na Lectrosonics za "Digital Hybrid" ziko humu. Zinarusha kwa FM, lakini kazi ya kuchakata sauti inafanywa kidijitali, na kila kampuni ina mbinu yake. Kasoro za kompanda hupungua sana, na kwa baadhi hazisikiki kabisa.

*Dijitali kamili.* Humu kuna makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Kuna za masafa ya UHF, kama Sennheiser EW-D na Shure Axient Digital, na kuna vifaa vidogo vya gigahezi 2.4, yaani Rode Wireless GO, DJI Mic na Hollyland Lark, vile unavyoviona kwenye kola za vijana wa mitandaoni. Hazina kompanda. Kelele yake ni ndogo na haibadiliki, mpaka mawimbi yakatike. Hapo analojia hukwaruza kwanza na kukuonya, lakini dijitali hunyamaza ghafla.

Usimdharau mwenye kifaa kidogo cha 2.4. Kwa mazungumzo ya watu wawili waliokaa kivulini Berega, kikiwa na maiki nzuri ya kubana kwenye nguo, kinaweza kuishinda analojia ya zamani iliyouzwa ghali mara nyingi zaidi. Kinashindwa mahali pengine, na tutafika huko.

KISANDUKU: Masafa na ruhusa, kabla ya kutoa pesa

• Jihadhari na mitumba ya Marekani. Huko, maiki za megahezi 700 zilipigwa marufuku Juni 2010, na sehemu kubwa ya megahezi 600 ikafuata Julai 2020. Vifaa hivyo vinahitaji pa kwenda, na bei yake inavutia.
• Katika kanda yetu, mikutano ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, ya 2012 na 2015 iliyafungulia mawasiliano ya simu masafa ya megahezi 694 hadi 790. Maiki iliyo humo unaweza kuikuta inapigana na mnara.
• Soma kibandiko cha masafa kilicho kwenye kifaa chenyewe; boksi linaweza kuwa la kifaa kingine. Kisha waulize TCRA kama kifaa hicho na masafa yake vinaruhusiwa.
• Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi unahitaji pia kibali cha TANAPA. Kijijini anza na mtendaji na mwenyekiti. Hospitalini anza na uongozi, kisha mgonjwa mwenyewe, na akikataa, amekataa.

Vya kuandaa

☐ Rekoda yenye njia mbili au zaidi za kuingizia sauti
☐ Maiki mbili za kubana kwenye nguo, chapa moja, modeli moja
☐ Adapta inayogeuza umeme wa fantomu wa volti 48 kuwa volti chache za maiki hizo
☐ Adapta ya kila transmita utakayopima
☐ Hedifoni za kufunika sikio lote
☐ Betri mpya za aina moja
☐ Fungu la funguo, ngoma, na simu yenye programu ya kutoa mlio wa hezi 1,000
☐ Selotepu, daftari, na mtu wa pili

Neno kuhusu adapta. Tundu la milimita 3.5 la Sennheiser na lile la Sony yanafanana kwa macho, lakini waya zake hazikupangwa sawa. Maiki ya huku ukiichomeka kule inaweza kukaa kimya au kutoa sauti hafifu, nawe ukailaumu transmita isiyo na kosa.

Hatua za kupima sauti

Siri yote ni waya. Ukilinganisha transmita A na transmita B peke yake, utajua ipi inakupendeza. Ukilinganisha kila moja na waya, utajua ipi inasema kweli.

1. Zifunge maiki mbili pamoja kwa selotepu, vichwa vikiwa sambamba, umbali wa sentimita moja. Zibane kwenye kifua cha mtu aliyeketi.

2. Kwanza ziunganishe zote mbili kwa waya na urekodi dakika moja. Zisikilize. Zisipofanana hapa, tafuta maiki nyingine, maana hakuna mtihani utakaokuwa wa haki.

3. Maiki ya kwanza ibaki kwenye waya mpaka mwisho wa zoezi. Ya pili ichomeke kwenye transmita, na risiva uiunganishe na njia ya pili ya rekoda.

4. Zima vidhibiti vyote vya kujiendesha: kinachorekebisha sauti chenyewe, kinachopunguza kelele, kinachokata besi. Vifaa vidogo vya kisasa huja na baadhi ya hivi vikiwa vimewashwa, na kipunguza kelele kinaweza kuonekana malaika kwa dakika tano, mpaka ukagundua kinakula mwisho wa maneno.

5. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48, biti 24.

6. Sawazisha ukubwa wa sauti. Weka simu sentimita 30 mbele ya maiki, toa mlio wa hezi 1,000, rekebisha mpaka njia zote mbili zisome kiwango kimoja, tofauti isizidi nusu desibeli. Usiruke hatua hii. Sikio la binadamu huipenda sauti iliyo kubwa kidogo na kuiita safi, hata kama ndiyo mbovu.

7. Rekodi mfululizo huu bila kubadilisha kitu:
a) kimya, sekunde 30;
b) hadithi kwa sauti ya kawaida, dakika mbili;
c) mnong'ono;
d) kicheko kikubwa na kuita mtu aliye mbali;
e) funguo;
f) ngoma.

8. Badilisha transmita, rudi hatua ya 6. Msimulizi awe yuleyule, hadithi iwe ileile.

Unasikiliza nini

Funguo ni mtihani wa zamani wa mafundi wa sauti, na bado haujapata mpinzani. Mtu aendelee kuzungumza huku mwenzake akitikisa funguo, sentimita 30 hivi kutoka kwenye maiki. Kwenye waya utasikia kila ufunguo peke yake, mkali na wazi. Kompanda ikizidiwa, funguo zinageuka karatasi inayokunjwa, na sauti ya msemaji inazama chini yake kisha inaibuka. Transmita ikifaulu hapa, vyombo vya jikoni, vikuku na njuga havitaisumbua.

Ngoma inapima upande wa pili, mpigo mzito wa chini. Simama mita mbili kutoka kwa mpigaji, apige pigo moja moja kwa kuachia nafasi. Sikiliza kati ya mapigo: mvumo wa nyuma umebaki palepale, au unapanda kila ngoma inapolia? Halafu sikiliza pigo lenyewe. Likisikika kama boksi la karatasi, huenda kuna kichujio cha besi ulichosahau kukizima, au mkondo wa kuingiza umejaa.

Kicheko na kuita vinapima dari. Mzee wa Kikaguru anayesimulia vizuri hakai kwenye sauti moja. Atanong'ona kama sungura, kisha angurume kama simba, wala hatakuomba ruhusa. Sauti ikichanika, jua wapi imechanikia. Ikiwa taa ya transmita ilikuwa nyekundu, geini ya transmita ilizidi, na kushusha rekoda hakutasaidia kitu. Baadhi ya vifaa, kama DJI Mic 2 na Rode Wireless PRO, hurekodi ndani ya transmita kwa biti 32 floti, ambayo huacha nafasi kubwa ya kurekebisha geini baadaye. Lakini maiki yenyewe ikizidiwa, hata biti 32 haziwezi kuirudisha.

Kimya na mnong'ono ndivyo vitakavyokupotezea muda, na muda huo ni halali. Ongeza sauti ya hedifoni. Linganisha mvumo wa waya na wa transmita. Tena sikiliza sekunde moja baada ya kila neno: mvumo unakatika sawa na waya, au unaburuzika kidogo ndipo uzime?

Kisha fanya usikilizaji wa kufumba macho. Mwenzako azipe faili majina ya herufi, asikuambie ipi ni ipi. Andika ulichosikia kabla hujaulizia. Bei ya kifaa ina tabia ya kuingia masikioni.

Kwa kazi ya lugha ongeza mtihani mmoja ambao mimi nauamini kuliko vipimo vyote. Mpe msemaji wa Kikaguru, ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, aandike anachosikia kwenye mnong'ono, kwanza kutoka transmita, mwishowe kutoka waya. Hesabu maneno aliyokosa. J. T. Last, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, aliyeishi Mamboya, jirani na Berega, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Alitegemea sikio na kalamu. Wewe una rekoda, lakini silabi iliyomezwa na kipunguza kelele nayo imepotea.

Masafa: mwili, mahindi na mabati

Sasa ondoka kwenye kiti. Msemaji afunge transmita kiunoni, upande wa nyuma, nawe ubaki na risiva. Atembee akihesabu kwa sauti: kumi, ishirini, thelathini. Akifika mbali ageuke, ili mwili wake uwe kati ya transmita na risiva. Namba zitakazokosekana kwenye rekodi zitakuonyesha palipokatika.

Kwa nini kugeuka? Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 vibaya sana. Ndiyo maana zile mita 250 za dukani ni za watu wawili wanaotazamana kwenye uwanja mtupu. UHF nayo inaumia, ila kidogo zaidi. Shamba la mahindi lililorefuka na kuloa mvua lina tabia hiyohiyo, na kuta za zege za wodi na paa la bati huongeza yao.

Antena ya UHF iachwe wazi. Kwa megahezi 600 robo ya wimbi ni sentimita 12.5, na antena imekatwa kwa urefu huo kwa sababu. Ukiikunja mfukoni au kuizungushia waya wa maiki, umeipunguza mwenyewe. Wala usihadaike na miliwati: katika uwanja wazi, kupata umbali maradufu kunahitaji nguvu mara nne.

Rudia matembezi haya Msamvu kabla hujaamua. Kwenye vifaa vya UHF, tafuta kwanza masafa matupu kwa kitufe cha kuskani cha risiva, huku transmita zote zikiwa zimezimwa. Watu wengi huskani transmita ikiwa imewashwa, kifaa kinaikwepa transmita yao wenyewe, kisha wanashangaa.

Makosa yanayogeuza matokeo

*Kila transmita na maiki yake ya boksi.* Umelinganisha maiki. Tofauti kati ya maiki mbili za kubana mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya transmita mbili. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, nunua maiki nzuri kwanza. Nitalisimamia hilo mbele ya muuzaji yeyote.

*Nguo.* Kanga na kitenge cha pamba hutulia. Polista inayong'aa na koti gumu la mzee hukwaruza kila akipumua. Wakati wa mtihani tumia nguo ileile. Wakati wa kazi, salimia kwanza, "shikamoo bibi", ueleze kifaa ni nini na sauti itakwenda wapi, kisha umwombe mjukuu wa kike ambanie bibi maiki. Ukimvamia bibi kifuani hutapata hadithi.

*Simu mfukoni.* Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G, ule mlio wa "dzz-dzz-dzz" huingia kwenye waya wa maiki hata hewa ikiwa safi. Ya msemaji na yako, zizimwe.

*Betri zisizo sawa.* Betri ya kuchaji ya AA ina volti 1.2, ya alkali mpya 1.5, kwa hiyo kipimo cha betri kwenye kioo kinaweza kukudanganya. Za bei ya kutupa za dukani kijijini ziache kwa tochi. Pima pia dakika za mwisho za betri, kwa kuwa huko ndiko kazi halisi huishia.

*Kuchanganya waya na dijitali bila kuzipanga.* Dijitali huchelewesha sauti kwa milisekunde kadhaa. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo ukichanganya maiki ya fimbo ya waya na ya transmita, sauti inakuwa nyembamba na yenye mwangwi wa bomba. Piga kofi moja mwanzo wa rekodi, kisha zilinganishe kofi kwa kofi kwenye kompyuta.

*Kuamini rekodi ya ndani bila kuijaribu.* Vifaa vingine hurekodi na kurusha kwa pamoja, vingine hufanya kimojawapo. Jaribu, toa faili, ifungue.

Karatasi ya uamuzi

Nakili maswali haya daftarini, karatasi moja kwa kila transmita. Jibu kwa "sawa na waya", "tofauti kidogo" au "haifai".

☐ Kimya
☐ Mkia wa mvumo baada ya neno
☐ Mnong'ono unaandikika
☐ Kicheko hakichaniki
☐ Funguo
☐ Ngoma
☐ Mita 20, msemaji amegeuka, Berega
☐ Mita 20, msemaji amegeuka, Msamvu
☐ Betri ilipokaribia kuisha

Usijumlishe alama. Mtu wa masimulizi na historia ya mdomo asimamie mistari minne ya kwanza. Mstari wa Msamvu anaweza kuusamehe kama kifaa kinarekodi ndani. Mwenye harusi na mikutano ya hadhara hana msamaha huo: mistari ya umbali ndiyo itakayomlisha, na kwake UHF, hata ya analojia iliyotumika, mara nyingi ni chaguo bora. Anayerekodi ngoma aanze na funguo na ngoma, na kama anaweza kupitisha waya, apitishe waya.

Ukiwa unakwenda kurekodi Mikumi, ongeza safari moja ya kupima kando ya barabara kuu inayokata hifadhi. Ngurumo ya malori ni besi ndefu isiyokatika, na kompanda iliyotulia Berega inaweza kuanza kupumua hapo. Ikitokea, sasa ndiyo saa ya kuwasha kile kichujio cha besi ulichokizima hatua ya 4, kwenye transmita yenyewe, kabla sauti haijafika kwenye kompanda.